Tulimwambia binti yetu tulimwokota jalalani, sasa analala na begi lake

SWALI

Mtaalamu, shikamoo. Nina binti wa miaka 6, yuko darasa la kwanza. Tumezoea kumtania kwamba tulimwokota jalalani, naye hucheka. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumapili, mimi na mama yake tukasema leo tuukamilishe. Tukafungasha nguo zake mbili tatu na mswaki kwenye begi la shule, tukamwambia mama yake wa kweli amekuja kumchukua. Getini alisimama mama muuza mkaa wa jirani, tulishapanga naye. Mpwa wangu wa miaka 10, ambaye tunaishi naye tangu dada yangu afariki, ndiye aliyeshika simu akirekodi. Binti yangu alilia hadi akatapika. Tukamwambia ni utani, tukamkumbatia, jioni akala vizuri. Video niliituma kwenye grupu la familia, watu wakacheka sana, shangazi mmoja akaiweka kwenye status. Sasa kila usiku anauliza, "Kesho nitaamkia hapa?" Begi hataki lifunguliwe, analilalia. Akitumwa mkaa anajificha. Mke wangu anasema atasahau. Kaka zangu wanasema sote tuliambiwa hivyo na hatukufa. Je, nimemharibu mwanangu?

Baba, Morogoro

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Hujamharibu. Nimeanza na hilo kwa sababu barua yako ni ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. Ila sitaungana na mkeo kwamba atasahau, wala na kaka zako. Mtoto anayelalia begi hajaanza kusahau, amejiandaa. Mlimwonyesha kwamba mtu anaweza kuondolewa nyumbani Jumapili mchana, bila taarifa, na nguo mbili tatu na mswaki. Yeye kapiga hesabu zake: siku hiyo ikija tena, nisikutwe sina kitu. Ukiliona begi hilo kama ukaidi au deko, utakosea kila hatua inayofuata. Hiyo ni akili ya mtoto ikifanya kazi kwa taarifa mlizompa.

Tuanze na kaka zako, maana hoja yao ndiyo iliyoenea. Ni kweli, wengi wetu tuliambiwa. Kuna waliookotwa jalalani, waliokutwa kwenye tenga la nyanya, walioachwa na kichaa, waliobadilishwa hospitali. Mimi niliambiwa nilinunuliwa stendi kwa debe la mahindi, na kwamba walipofika nyumbani wakagundua wamepunjwa. Kila mgeni akija hadithi inarudiwa, watu wanacheka, na mimi nacheka. Kisha nilikuwa nachukua kioo kidogo cha baba cha kunyolea ndevu, naenda nyuma ya jiko, naangalia masikio yangu. Nikimaliza naingia jikoni kuchungulia masikio ya mama. Sikumbuki nilifanya hivyo siku ngapi. Nakumbuka kioo kilikuwa na ufa kwenye kona, na kwamba masikio yetu hayakufanana. Waulize ndugu zangu leo, watakwambia nilikuwa mtoto mcheshi, sikujali kabisa.

Kwa hiyo "hatukufa" ni kweli, lakini haitusaidii kitu. Nani alikuwa anatuangalia nyuma ya jiko?

Kilichoniondoa kwenye kile kioo ni bibi. Alikuja kutusalimia, akaisikia hadithi ya debe la mahindi, akasonya, akanivuta karibu: "Waongo hao. Mimi ndiye niliyekupokea. Ulikuwa na nywele kama kifaranga aliyenyeshewa." Basi. Kioo nikakirudisha mahali pake. Maneno hayo ya bibi tutayahitaji mbele.

Sasa, hata hao kaka zako waliambiwa kwa mdomo. Mdomo una sauti ya utani, jicho la utani, na mtoto huijua sauti ya baba yake anapotania kama anavyojua mlio wa pikipiki yake. Ndiyo maana binti yako alikuwa akicheka siku zote. Jumapili ile mliondoa vyote vilivyokuwa vikimwambia kwamba ni utani, mkaongeza ushahidi: begi lipo, mswaki umo ndani, na mwanamke amesimama getini. Hata mtu mzima ukimwambia amefukuzwa kazi atacheka, lakini akikuta meza yake imefungashwa kwenye maboksi hatacheka.

Kuna jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 1985 ambalo huwa nawasimulia wazazi. Watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ndefu ya kioo. Nusu ya kwanza sakafu iko hapohapo chini ya kioo, nusu ya pili imeshushwa kama sentimita 30, kwa hiyo mtoto akitambaa anaona mbele yake kama kuna shimo. Si refu la kutisha, ni la kutia shaka. Ng'ambo yuko mama, na ameambiwa asiseme neno, aongee kwa uso tu. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja.

Ndivyo watoto wanavyoisoma dunia. Jambo lisipoeleweka, hawaliangalii jambo lenyewe, wanamwangalia mzazi. Binti yako alikutana na shimo la namna hiyo getini kwenu. Nina ombi gumu: kabla hujaifuta ile video, itazame mara moja, peke yako, bila sauti. Usiangalie anavyolia. Hesabu ni mara ngapi anageuka kuwatazama wewe na mama yake. Sijaiona, lakini nimeshaletewa nyingi za aina hiyo kazini, na kule kugeuka sijawahi kukukosa. Alikuwa anawauliza. Nanyi mlikuwa mmekaza uso, kwa sababu mzaha wa kurekodiwa haunogi mzazi akicheka mapema. Tangu miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick ameonyesha kinachotokea mama akikausha uso mbele ya kichanga wake kwa dakika chache tu: mtoto hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele, na akikosa jibu hugeuka pembeni na kunywea. Hapo hakuna aliyemtisha wala kumgusa. Ni uso tu umekataa kujibu.

Utaniuliza: lakini si tulimwambia ni utani? Mlimwambia, na naamini alielewa. Mtoto wa miaka 6 anajua kwamba watu husema uongo. Uwezo wa kutambua kwamba mwenzako anaamini kitu kisichokuwepo huonekana wazi kuanzia kama miaka minne. Shida ni kwamba kujua hakuizimi hofu. Mwanasaikolojia mmoja Mwingereza, Paul Harris, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1991 jaribio ambalo watoto wa miaka 4 na 6 waliombwa wajifanye kwamba ndani ya boksi tupu kuna zimwi. Wote walijua boksi ni tupu, walisema wenyewe. Lakini mtafiti alipotaka kutoka chumbani, wapo wadogo waliomkatalia asiwaache, na wengine walipobaki peke yao walikwenda kuhakikisha. Walijua, lakini moyoni walibaki na "je, kama?" Swali la binti yako la kila usiku ni hilohilo. Hakuulizi kama ulitania. Anauliza je, kama.

Na kuna jambo moja ambalo mkumbatio wenu wa mwisho usingeweza kulimaliza. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, akizitembelea familia 26 za Kiganda nyumbani kwao mara kwa mara. Aliona kile ambacho bibi yeyote mwenye mkeka uani anakijua: mtoto anatambaa kwenda kushika kuku, anageuka kumtazama mama, anakwenda tena, akishtuka anarudi mbio magotini. Mama ni kituo. Baadhi ya yale yanayofundishwa leo vyuoni kuhusu mtoto na mzazi wake yalianza kuandikwa pale. Mbwa akibweka, mtoto anamkimbilia baba. Sasa baba akiwa ndiye anayetisha, akimbilie wapi? Mwaka 1990 watafiti Mary Main na Erik Hesse waliliandikia jambo hili: hofu isiyo na pa kukimbilia, kwa kuwa anayetisha na anayetuliza ni mtu yuleyule. Wao waliwazungumzia wazazi wanaotisha mara kwa mara, kwa hiyo Jumapili moja haimweki binti yako kwenye kundi hilo. Ila inaeleza kwa nini alitapika. Alikuwa anataka kuwakimbilia watu haohao waliokuwa wanampeleka getini.

Nikija kwenye neno lenyewe, utani, nitasema kwa ukali kidogo. Sisi Watanzania ni mabingwa wa utani. Mpare na Mchaga wakikutana kwenye basi safari nzima inakuwa fupi. Mzaramo na Mnyamwezi hivyohivyo. Mtani anaweza kuja msibani akalala chini akijifanya ndiye maiti, akagoma kuamka mpaka apewe pesa, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa hayajakauka. Watu wa nje huona tunafanya ukatili. Hawaoni kanuni. Utani una jozi zake zinazojulikana, na mtani anaruhusiwa kulipa. Ukimwita Mpare bahili, kaa tayari, jibu lako lipo njiani. Kwenye familia nyingi zetu utani wa namna hiyo uliwekwa kwa babu na bibi. Babu anamwita mjukuu "mke wangu", mjukuu anamjibu "sikutaki, huna meno", na hakuna anayemchapa kwa kukosa adabu. Ameruhusiwa.

Baba hakuwekwa hapo. Nadhani wazee walikuwa na sababu. Chakula ni cha baba, kitanda ni cha baba, fimbo ni ya baba, geti ni la baba. Mtu mwenye hayo yote akisema "ondoka", mtoto hana namna ya kujua kama ni mchezo au ni amri. Jaribu kuigeuza ile Jumapili: binti yako afungashe begi lako, akwambie uondoke, mke wako wa kweli yuko nje. Utacheka sana. Utacheka kwa kuwa funguo ziko mfukoni mwako. Yeye hakuwa na funguo, wala hakuwa na jibu la kukurudishia, hivyo kwa kanuni zetu wenyewe ule haukuwa utani. Wazee wanaosema mzaha mzaha hutumbua usaha walikuwa wanazungumzia kitu kama hiki.

Simu imeongeza jambo ambalo babu zetu hawakuwa nalo, yaani watazamaji. Huko Marekani tangu mwaka 2011 mtangazaji Jimmy Kimmel alikuwa akiwaomba wazazi wawadanganye watoto kwamba wamekula peremende zao zote walizokusanya sikukuu ya Halloween, kisha wamtumie video za kilio. Mwaka 2023 ukaja mtindo wa kumpasulia mtoto yai kwenye paji la uso, akidhani mnapika pamoja. Mbaya kuliko zote ni ya wazazi wa Maryland wenye chaneli ya YouTube ya DaddyOFive, iliyokuwa na wafuasi zaidi ya 700,000. Walikuwa wakiwafokea watoto kwa makosa ambayo hawakuyafanya, kisha wanawaambia ni pranki. Mwaka 2017 walipoteza haki ya kuwalea watoto wawili, na mahakama ikawapa kifungo cha nje cha miaka mitano kwa kutelekeza watoto. Sikufananishi nao hata kidogo. Wewe umeandika barua, wao walitengeneza video ya kujitetea. Nawataja kwa sababu wote walikuwa na utetezi mmoja, kwamba watoto nao hucheka baadaye. Watoto hucheka, ndiyo. Mimi nilikuwa nacheka kila mgeni akija.

Kwa hiyo video ifutwe. Ifute mbele ya binti yako, mwonyeshe inavyotoweka. Andika kwenye grupu, kwa jina lako, kwamba umekosea na unaomba kila aliye nayo aifute. Shangazi mpigie simu, kwa heshima zote, na usimwachie mkeo kazi hiyo. Wapo watakaosema umekuwa mlaini. Wavumilie. Mtoto wako atakutana na hawa watu kwenye harusi na misiba miaka yote, na hapaswi kuwa "yule aliyetapika getini".

Sasa kuomba radhi. Najua wengi hatukuona baba akimwomba mtoto radhi, na mdomo unakuwa mzito. Kaa chini, macho yenu yalingane, mama yake awepo. Mwambie kitu kama hiki: "Mwanangu, siku ile ya Jumapili mimi na mama tulikudanganya. Hakuna aliyekuja kukuchukua. Hukuokotwa, ulizaliwa na mama. Lile lilikuwa kosa langu, si lako, na sitalifanya tena." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini", usiongeze "na wewe nawe ulilia mno", usimtekenye ili acheke upesi. Akilia mwache alie. Akisema "sawa" na kukimbilia kucheza, pia sawa. Watoto hulisikia neno leo wakalijibu Alhamisi.

Baada ya hapo ndipo kazi inaanza, na ni kazi ya kuchosha kwa sababu haina tukio. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwaahidi watoto wa miaka mitatu hadi mitano rangi nzuri za kuchorea. Kundi moja walitimiziwa, kundi la pili waliambiwa samahani, hazipo. Kisha kila mtoto akawekewa peremende laini moja: ukisubiri bila kuila nitakuletea ya pili. Waliotimiziwa walisubiri kwa wastani wa dakika 12, waliodanganywa dakika 3. Rangi za kuchorea tu! Waislamu wanakumbuka pia hadithi iliyopokelewa na Abu Dawud, ya mama aliyemwita mwanawe "njoo nikupe", Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akaambiwa kama asingempa kitu angeandikiwa uongo. Mtoto huweka rekodi ya maneno yetu, na rekodi yako kwa sasa ina shimo kubwa. Hulizibi kwa ahadi kubwa. Unalijaza kwa vijiahidi: nitarudi saa kumi na mbili, urudi saa kumi na mbili, kesho nitakuletea muwa, uje na muwa. Ukichelewa, piga simu, uongee naye yeye, si mama yake.

Swali la usiku lijibu kila usiku kwa maneno yaleyale, hata kama ni mara ya arobaini. "Ndiyo. Utaamkia hapa. Sisi tuko chumba cha pili. Asubuhi tutakunywa chai pamoja." Usiseme "si nimeshakwambia?" Usimtanie hapo, hata kidogo, hata akionekana amechangamka. Na asubuhi, chai iwepo.

Begi liache. Naona unavyotamani kulifungua, umalize jambo. Lile begi sasa ndilo kitu pekee kwenye suala hili alicho na mamlaka nacho. Mnunulie mswaki mwingine kama ule hataki kuutoa, na kwenye kikombe cha miswaki acha nafasi yake wazi aione. Siku moja utakuta mswaki wa zamani umerudi. Usishangilie.

Mtafutie pia maneno ya bibi. Ushahidi hushindwa kwa ushahidi, na nyumbani kwenu naamini upo: kadi ya kliniki yenye uzito wake wa siku ya kwanza, cheti cha kuzaliwa, kanga aliyofungiwa. Kaa naye umsomee. Mwambie ilikuwa saa ngapi, mvua ilikuwa inanyesha au jua, nani alikuja wa kwanza kumwona, nani alisema ana pua ya baba yake. Kama mama yako au mama mkwe yupo, mpigie simu asimulie mwenyewe, bibi wanajua kutia chumvi inayohitajika. Na hadithi ya jalalani izikwe kabisa, isije ikarudiwa hata kwa kucheka, hata na wajomba.

Mama muuza mkaa anahitaji kurudishwa kuwa mama muuza mkaa. Siku tatu nne za mwanzo usimtume binti. Kisha nendeni wote wawili, umshike mkono, mpite upande wa pili wa barabara, msalimie kwa mbali, mrudi. Kesho yake karibu kidogo. Mwombe yule mama naye aseme neno, kwamba alikubali mchezo mbaya, kwamba ana watoto wake kwake na hana haja ya mtoto wa mtu. Binti akigoma njiani, rudini bila kumlaumu. Usimvute. Alishavutwa getini mara moja.

Mpe mwalimu wake wa darasa taarifa kwa kifupi, ili akichelewa kuchukuliwa siku moja asiachwe akae peke yake langoni. Ukifanya haya kwa mwezi mzima na bado halali, au ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, au kila asubuhi tumbo linauma na shule hataki, mpelekeni hospitali ya mkoa mkaonane na mshauri wa watoto au afisa ustawi wa jamii. Namba 116 nayo hupigwa bure kwa masuala ya watoto. Hakuna atakayekuja kuwakamata kwa kuomba ushauri.

Na tafadhali msiache kucheka nyumbani. Hili nalisema kwa sababu baba waliojuta huwa wanageuka kuwa wapole wa kutisha. Binti yako alikuwa anapenda utani wako, na anaukosa. Mpe ule ambao yeye ndiye mshindi: umtafute chini ya meza hali miguu yake inaonekana, uvae sketi yake kichwani kama kilemba, umwachie akutilie chumvi kwenye chai na wewe unywe, ukunje uso, ulalamike mtaa mzima usikie. Kwa miezi hii yeye awe mtani, wewe ndiye uliyewekewa chumvi.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niisome barua yako mara tatu. Hukuliuliza. Ni kuhusu mpwa wako.

Mtoto wa miaka 10 aliyefiwa na mama alipewa simu, akasimama, akarekodi mtoto mwenzake akiambiwa: wewe si wa hapa, tulikuchukua tu, mwenyewe amekuja. Kwa binti yako kila neno la sentensi hiyo lilikuwa uongo, na mwisho wake alikumbatiwa akaambiwa "wewe ni mwanetu, tulikuzaa wenyewe". Mpwa wako alikuwa upande wa pili wa simu. Yeye kweli alichukuliwa. Yeye kweli alikuja na begi. Na anajua kwamba mama yake hawezi kusimama getini hata kwa mchezo. Umeandika kwamba binti anauliza kila usiku, analalia begi, akitumwa mkaa anajificha. Kuhusu kijana hukuandika kitu, na sidhani ni kwa sababu hana kitu. Watoto wanaoishi kwa ndugu hujifunza mapema kutosumbua.

Mtoe siku moja, nyinyi wawili tu, hata iwe kwenda kuangalia mpira au kupeleka baiskeli kwa fundi. Wanaume, hata wadogo, huongea vizuri wakiwa wanatembea. Usimuulize "uliumia?", atasema hapana. Anza wewe. Mwambie hukupaswa kumpa simu siku ile. Mwambie mama yake alikuwa dada yako, na msimulie kitu kimoja cha mama yake ambacho hajawahi kukisikia, alivyokuwa akikuonea utotoni, alivyokuwa akiimba, alivyopika wali ukaungua. Kisha mwambie waziwazi yale ambayo pengine hakuna aliyemtamkia tangu msiba, kwa kuwa kila mtu alidhani yanajulikana: kwamba hapa ni kwake, kwamba hakuna tarehe ya mwisho, kwamba ada yake na kitanda chake havisubiri mtu kuamua, kwamba hata wewe na mkeo mkigombana yeye bado yupo.

Akikuuliza swali, la aina yoyote, hata kama ni kuhusu siku mama yake alipofariki, simameni hapohapo njiani umjibu. Kwa fundi mtafika tu.